Nani Aliushona? Historia na Matunzo ya Mifarishi ya Kale

Mwaka 1886 mji wa Athens, katika jimbo la Georgia kusini mwa Marekani, ulikuwa na maonyesho ya pamba. Kati ya mazao na kazi za mikono palitundikwa mfarishi mmoja uliomnasa macho mwalimu wa sanaa aitwaye Jennie Smith. Mifarishi ya kawaida aliijua: miraba, nyota na maua yaliyopangwa kwa kipimo. Huu ulikuwa na watu. Adamu na Hawa walikuwamo, Kaini akimwua Abeli, Yakobo na ngazi yake, Yesu akibatizwa, Yuda na vipande vyake thelathini vya fedha. Nyoka wa Edeni alikuwa na miguu. Smith aliona kwamba kati ya wanyama wote wa picha ile, aliyeshonewa miguu ni yule tu ambaye duniani hana miguu.

Akamtafuta mshonaji mpaka akampata. Alikuwa Harriet Powers, mwanamke Mweusi aliyezaliwa utumwani mwaka 1837 karibu na mji huohuo, wakati huo akilima kipande kidogo cha ardhi pamoja na mumewe, Armstead. Smith aliomba auziwe. Powers alikataa katakata. Mfarishi ule hauuzwi kwa bei yoyote.

Miaka michache baadaye maisha yaliwabana. Powers alipeleka habari kwamba sasa yuko tayari kuuza, lakini safari hiyo Smith ndiye hakuwa na fedha. Walipokuja kukutana tena, Powers alifika kwa gari la ng'ombe, mfarishi ameupakata, umefungwa ndani ya mfuko safi wa unga, na juu ya mfuko kuna gunia. Alitaka dola 10. Smith alikuwa na dola 5. Powers alitoka nje kushauriana na mumewe, akarudi na kusema kwamba kwa ugumu wa wakati ule wangezipokea hizo tano. Kabla ya kuondoka alimweleza mnunuzi kila picha, moja baada ya nyingine, nani ni nani na anafanya nini, na Smith akaandika. Baadaye Powers alirudi mara kadhaa nyumbani kwa Smith kwa ajili ya kuutazama tu.

Leo mfarishi huo uko Washington, katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Historia ya Marekani, chini ya taasisi ya Smithsonian. Wengi husema uliokolewa na uzuri wake. Mimi naona uliokolewa na kalamu ya Jennie Smith. Wanawake wa Kusini mwa Marekani, Weusi kwa Weupe, walishona mifarishi isiyo na idadi katika karne ya 19, mingine mizuri ajabu, na sehemu kubwa ya iliyobaki haina jina la mtu. Ipo kwenye makabati, inauzwa kwenye minada, inatandikwa chini ya gari na fundi anayetengeneza injini. Ule wa Powers una jina, una mahali, una bei, una maelezo ya mwenyewe. Kwa sababu hiyo hakuna aliyethubutu kuutupa.

Mfarishi kwa kawaida una tabaka tatu. Juu kuna uso, ambao ndio huonekana. Chini kuna bitana. Katikati kuna ujazo wa pamba au sufu. Tabaka zote tatu hushikanishwa kwa mishono midogo inayopenya toka juu hadi chini, ili ujazo usihame na kukusanyika pembeni. Uso unaweza kuwa kitambaa kizima, unaweza kuungwa kwa viraka vilivyokatwa kwa umbo fulani, au unaweza kuwa kitambaa ambacho juu yake vimebandikwa vipande vya rangi nyingine na kushonwa kingo. Powers alifuata njia hii ya mwisho, akitumia mkono na pia cherehani. Wataalamu wengi wamelinganisha picha zake na vitambaa vya kubandika vya wafalme wa Abomey, katika nchi ya Benin ya leo. Mfanano upo, na unasisimua. Ila mfanano peke yake hautoshi kuwa ushahidi, na Powers mwenyewe, katika maneno yaliyoandikwa kutoka kinywani mwake, alizungumza juu ya Biblia na juu ya mambo aliyosimuliwa na wakubwa wake.

Masimulizi hayo ya wakubwa yamejaa katika mfarishi wake wa pili, ulio katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa Nzuri la Boston. Una picha 15. Kando ya Yona na Musa, Powers alishona picha ya usiku wa Novemba 1833, nyota zilipomiminika toka angani kama mvua na watu wakadhani kiyama kimefika. Wanaastronomia wanaujua usiku huo vizuri. Ulikuwa usiku wa mvua ya vimondo vya Leonidi. Alishona pia Siku ya Giza ya tarehe 19 Mei 1780, ambapo moshi wa misitu iliyoungua uliziba jua la mchana. Yeye hakuyaona. Nyota zilianguka miaka minne kabla hajazaliwa, na giza lilikuwa la zama za mababu. Aliyasikia, akayahifadhi kichwani kwa miongo, kisha akayatia sindano. Hata nguruwe jike aitwaye Betts, aliyesimuliwa kukimbia maili mia tano kutoka Georgia hadi Virginia, alipata nafasi yake kwenye kitambaa.

Powers alifariki tarehe 1 Januari 1910. Kwa muda mrefu iliandikwa kwamba hakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 2009 mtafiti Kyra Hicks alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba hilo si kweli: barua ya Powers ya mwaka 1896 ilikuwa imehifadhiwa, na ndani yake alieleza maisha yake na mifarishi mingine aliyoishona. Kaburi lake nalo, katika makaburi ya Gospel Pilgrim mjini Athens, lilitambuliwa tena mwaka 2005. Ikiwa mshonaji maarufu kiasi hicho aliweza kusahaulika hata kaburi, tujiulize wale ambao hawakupata Jennie Smith wao.

Pamba iliyojazwa ndani ya mifarishi hiyo, na iliyofumwa kuwa bitana zake, ina historia inayofika hadi pwani yetu, na sisi wasomaji wa Kiswahili tusiipite haraka. Mwaka 1833, mwaka uleule wa nyota, mtawala wa Unguja, Seyyid Said, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Mwaka 1837, mwaka aliozaliwa Powers, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters wa mji wa Salem, Massachusetts, alianza kazi Unguja. Meli za Salem zilikuja na kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts, zikaondoka na pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Kitambaa hicho tulikiita marekani, na jina hilo limebaki. Kilipanda bara na misafara mpaka Tabora na Ujiji. Kilikuwa vazi, kilikuwa sanda, kilikuwa fedha ya kulipia hongo na posho ya wapagazi.

Pamba ya viwanda hivyo ilitoka mashamba ya Kusini, Georgia, Alabama na majimbo jirani, na iliyoilima na kuichuma ilikuwa mikono ya watumwa. Kwa hiyo katika miaka ya 1840 na 1850 pamba ya shamba moja iliweza kuishia sehemu mbili: iliyobaki sakafuni kwenye kinu ikawa ujazo wa mfarishi wa mtumwa aliyeichuma, na iliyosafirishwa ikavaliwa na mpagazi kwenye njia ya Bagamoyo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 viliikata biashara hiyo, na vitambaa vya Uingereza na India vikajaza pengo. Katika masoko ya pwani ya miongo iliyofuata ndipo ilipozaliwa kanga, na inasimuliwa kwamba wanawake walianza kwa kununua leso zisizokatwa, wakaziunga kwa uzi mpaka zikawa kitambaa kimoja kipana. Mkono uliounga leso Unguja na mkono uliounga viraka Georgia haikujuana, ila iligusa bidhaa za njia moja.

Tuingie Alabama yenyewe. Mto Alabama, katika wilaya ya Wilcox, unajipinda na kuzunguka kipande cha ardhi pande tatu. Mahali hapo panaitwa Gee's Bend, kwa jina la Joseph Gee, mlowezi aliyefika mwaka 1816. Mwaka 1845 shamba lilipita mikononi mwa Mark Pettway, ambaye mwaka uliofuata aliwatembeza kwa miguu watumwa wapatao mia moja kutoka North Carolina hadi hapo. Baada ya utumwa kufutwa vizazi vyao walibaki, wakilima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, na wengi wakabaki na jina la Pettway. Mwaka 1932 mjane wa mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alidai madeni yote kwa mpigo. Makumi ya familia zilinyang'anywa mifugo, zana, mbegu na chakula. Serikali ya Rais Roosevelt iliingilia kati baadaye. Mwaka 1937 mpiga picha Arthur Rothstein alitumwa huko, na picha zake zinaonyesha nyumba za magogo zilizobandikwa magazeti ukutani kuzuia upepo.

Katika nyumba hizo mfarishi ulikuwa ulinzi wa uhai. Baridi ya Januari iliingia kwenye nyufa, watoto walilala wengi kitanda kimoja, na juu yao ilirundikwa mifarishi kadhaa. Vitambaa vya dukani vilikuwa ghali, basi walitumia suruali za shambani, mashati yaliyochanika, mifuko ya mbolea na ya unga. Ukitazama mfarishi wa nguo za kazi wa Gee's Bend kwa karibu utaona magoti: buluu iliyopauka, na katikati yake kiraka cha buluu iliyokolea, mahali mfuko ulipong'olewa na jua halikufika.

Mwaka 1942 Missouri Pettway alikuwa amefiwa na mumewe, Nathaniel. Alimwita bintiye Arlonzia wakachukua nguo za kazi za marehemu, wakazipasua na kuziunga. Arlonzia, ambaye naye alikuja kuwa mshonaji mashuhuri, alisimulia miaka mingi baadaye jinsi mama yake alivyosema kwamba atamkumbuka mumewe kwa mfarishi huo na kujifunika kwa upendo wake. Sijui kumbukumbu ya msiba iliyo wazi kuliko hiyo. Na hata hapa, kama Arlonzia asingesimulia na wengine wasingeandika, tungebaki na matambara ya buluu, kahawia na kijivu ambayo mgeni angeyasifu kwa mpangilio wake wa rangi bila kujua kwamba anatazama mwili wa mtu.

Sifa za mpangilio zilikuja, tena nyingi. Kwanza ulikuja ushirika: mwaka 1966, katika joto la mapambano ya haki ya kupiga kura, wanawake wa Gee's Bend na vijiji jirani waliunda Freedom Quilting Bee kwa msaada wa padri wa Kianglikana Francis X. Walter, wakauza mifarishi hadi New York. Mwaka 1972 kampuni ya Sears iliwapa kazi ya kushona foronya za kodrai, na mabaki ya kodrai hiyo yakazaa mifarishi mingi ya majumbani mwao katika miaka iliyofuata. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1990, mkusanyaji William Arnett aliona katika kitabu picha ya mfarishi wa Annie Mae Young ukiwa juu ya rundo la kuni, akaenda kumtafuta. Alimkuta Young, na akasikia kwamba mifarishi mingine mikuukuu ilikuwa imechomwa juzijuzi tu, maana moshi wa pamba hufukuza mbu. Ule wa kwenye picha ulinusurika.

Mwaka 2002 maonyesho ya mifarishi ya Gee's Bend yalifunguliwa Houston, na mwaka huohuo yakafika katika jumba la sanaa la Whitney, New York. Mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu kumi zenye sura zake. Zilifuata kesi mahakamani mwaka 2007, baadhi ya washonaji wakidai hawakulipwa haki yao. Zilimalizwa kwa mapatano mwaka uliofuata. Mwenye kupata mfarishi wa kale mikononi mwake na alijue hili pia. Penye heshima hufika fedha, na penye fedha jina la mshonaji lisipoandikwa mapema hugombewa au hupotea.

Jumba lilelile la Whitney liliwahi kuonyesha mifarishi mwaka 1971, ikitundikwa ukutani kama michoro ya rangi. Ilikuwa hatua kubwa kwa kazi ya wanawake kuingia mahali kama pale. Lakini waliotundika walivutiwa na maumbo, na washonaji wengi hawakutajwa kwa sababu hakuna aliyewajua.

Kuna jamii nyingine ambayo msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kuijua. Katika misitu ya wilaya ya Uttara Kannada, jimbo la Karnataka nchini India, wanaishi Wasidi, wazao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi kwa karne kadhaa, wengi kupitia Goa iliyokuwa chini ya Wareno. Wengi walitoka pwani na bara la Afrika Mashariki, na baadhi walitoroka mabwana zao wakaingia msituni. Wako Waislamu, Wakatoliki na Wahindu. Ndugu zao wa Gujarat wana ngoma na dansi wanayoiita goma, na mtu wa Tanga akiisikia hahitaji mkalimani.

Wanawake wa Kisidi wa Karnataka hushona mfarishi uitwao kawandi. Hawaungi uso kwanza na kuuweka juu ya ujazo. Huchukua kitambaa cha chini, mara nyingi sari kuukuu, huanzia pembeni, na kubandika kiraka juu ya kiraka huku wakizunguka kuelekea katikati, mishono ya bandi ikikimbia sambamba mpaka inakutana kwenye kitovu. Pembe nne hupewa maua ya vitambaa vilivyokunjwa, nao husema mfarishi usio na maua hayo uko uchi. Mkatoliki huweza kuweka misalaba, Mwislamu huweza kuweka mwezi mwandamo. Profesa Henry Drewal wa Marekani aliitangaza kazi hiyo duniani mwanzoni mwa karne hii, na ushirika wa washonaji ukaundwa mwaka 2004. Kawandi za zamani sana ni adimu. Hulaliwa kila usiku, hufuliwa kwa nguvu, huanikwa juani, na mwishowe huchakaa. Hakuna kosa hapo; zilishonwa zitumike. Ndiyo maana kumbukumbu za maneno na picha ni muhimu zaidi kwa Wasidi kuliko kwa watu wenye makabati.

Wamarekani walianza kukusanya kumbukumbu za mifarishi yao kwa utaratibu mwaka 1981, katika jimbo la Kentucky. Waandaaji walitangaza siku maalumu. Familia zikaleta mifarishi yao kutoka makabatini na darini, ikapigwa picha, ikapimwa, na wenye nayo wakaulizwa maswali. Kila mtu alirudi nyumbani na mali yake. Majimbo mengine yakaiga, na kumbukumbu nyingi za aina hiyo sasa zinapatikana katika hazina ya mtandaoni iitwayo Quilt Index. Mfano huu ni wa kuigwa na makumbusho yetu kwa kanga, kofia za vito na mikeka ya kale: hauhitaji kumnyang'anya mtu chochote.

Katika kuuliza huko, hekaya nazo hujitokeza. Watu husema ukiinua mfarishi mbele ya taa ukaona mbegu za pamba ndani, basi ulishonwa kabla ya mwaka 1793, mwaka wa mashine ya kuchambua pamba ya Eli Whitney. Si kweli, pamba duni yenye mabaki ya mbegu iliendelea kutumika baada ya hapo kwa vizazi. Hekaya nyingine, iliyoenezwa na kitabu cha mwaka 1999, ni kwamba mifarishi ilianikwa nje kama alama za siri za kuwaelekeza watumwa waliotoroka kwenda kaskazini. Wanahistoria wa utumwa na wa mifarishi wameichunguza wakakosa ushahidi wa wakati ule. Naelewa kwa nini watu wanaipenda. Lakini wanawake hawa walifanya mambo makubwa yaliyothibitika, na hawahitaji kubebeshwa yasiyothibitika.

Umri wa mfarishi husomwa kwenye vitambaa vyake, na kanuni ni moja: mfarishi hauwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kitambaa chake kipya kabisa. Mshono wa cherehani katika nyumba za kawaida huashiria nusu ya pili ya karne ya 19 au baadaye, kwa kuwa Singer, mtengenezaji wa cherehani, alipata hataza yake mwaka 1851. Zambarau kali ya kemikali haikuwepo kabla ya mwaka 1856, William Perkin alipoigundua. Kitambaa chenye poliesta kinatupeleka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kinyume chake hakikubaliki kuwa uthibitisho: kitambaa cha zamani huweza kukaa sandukuni miaka hamsini kabla ya kushonwa.

Sasa matunzo. Jambo la kwanza ambalo watu hufanya wakipata mfarishi wa kale ni kuufua, na hapo ndipo mifarishi mingi hufa. Pamba iliyolowa ni nzito, na uzito huo hukata nyuzi zilizochoka. Rangi nyekundu na kahawia za zamani huchujuka na kuchafua jirani zake. Kahawia nyingi za karne ya 19 zilitiwa chuma ili zikolee, na chuma hicho huila pamba polepole. Ndiyo sababu utaona mfarishi mzima ukiwa salama, isipokuwa viraka vya kahawia ambavyo vimegeuka unga. Hariri ya miaka ya 1880 na kuendelea mara nyingi ilitiwa chumvi za madini ili iwe nzito, nayo hupasuka yenyewe hata ikiwa haijaguswa. Magonjwa hayo hayaponi kwa sabuni.

Osha mikono, vua pete na bangili, tandaza shuka safi juu ya meza au kitanda, kisha uulaze mfarishi. Piga picha mbele na nyuma, na kila kiraka chenye jambo. Vumbi litolewe kwa mashine ya kufyonza iliyowekwa nguvu ndogo, na kati ya mdomo wa mashine na mfarishi paweko wavu laini ili usivute nyuzi. Kama kuna dalili ya wadudu, ufungwe vizuri kwenye plastiki na kuwekwa ndani ya friza kali kwa wiki moja au mbili, kisha uachwe urudi joto la chumba ukiwa bado umefungwa. Hiyo ndiyo nafasi pekee ya plastiki. Kuhifadhi ndani yake kwa muda mrefu hufungia unyevu, na katika hewa ya Mombasa, Unguja au Dar es Salaam kuvu haichelewi.

Mfarishi ukiwa mkavu kabisa uviringishwe au ukunjwe ndani ya marekani iliyofuliwa mara kadhaa mpaka wanga wote utoke. Kitambaa kisichopaushwa hupitisha hewa na hakina kemikali za kudhuru. Wahifadhi wa makumbusho hutumia cha aina hiyohiyo. Kwenye mikunjo weka viringo laini vya kitambaa ili mstari usikatike, na kila baada ya miezi kadhaa ufunguliwe na kukunjwa pengine. Kasha la mbao, hata liwe la msaji na njumu za shaba, hutoa asidi inayoacha madoa ya manjano. Lipigwe bitana nene kabla. Vidonge vya kufukuza nondo vina sumu kwa wenye nyumba pia. Moshi wa udi, ambao sisi tunaupenda kwenye nguo za leo, huacha mafuta juu ya nyuzi, basi usiufikie. Ukitaka kuutundika, uwe mbali na dirisha na kwa miezi michache tu, maana madhara ya mwanga hujumlishwa na hayarudi nyuma.

Tundu lisizibwe kwa kukata na kubadilisha kiraka. Wahifadhi hufunika sehemu iliyochoka kwa wavu mwembamba wa rangi inayokaribiana, wakiushika kwa mishono michache inayoweza kufumuliwa. Viraka vya zamani vilivyotiwa na bibi juu ya viraka vya mama yake viachwe vilivyo. Ni sehemu ya historia.

Mwisho, andaa kipande cha bafta, uandike kwa uzi jina la mshonaji, kijiji na mwaka, ukishone upande wa nyuma, kwenye bitana. Wino usiguse mfarishi. Maelezo marefu zaidi yawekwe kwenye karatasi pamoja na picha, nakala moja ibaki nyumbani na nyingine iwe kwa ndugu anayeishi mbali, ili moto au mafuriko ya nyumba moja yasichukue vyote.

Msomaji, kama kwenu kuna mfarishi, kanga ya harusi ya nyanya, au kofia aliyoifuma babu, mkalishe mkubwa wa nyumba, umwulize nani aliishona, wapi, kwa ajili ya nani na kwa kitambaa kilichotoka wapi, uandike kama anavyosema. Sabuni isubiri. Kama mshonaji mwenyewe bado yu hai, mpe kalamu aandike kwa mkono wake. Fanya hivyo mwezi huu.